Anayeosha Nyuma Yangu

Bikita, 3 Machi 1991

Dada Ratidzai,

Nakupigia makofi ya salamu kutoka huku kwenye vilima, ingawa najua hayafiki. Baba na mama niliwaacha wazima. Ng'ombe mweusi amezaa dume, na baba amempa jina la yule mwalimu wako wa hesabu, eti kwa sababu hapendi kusogezwa. Mahindi yamenyauka, lakini njugumawe zipo na ulezi umejitahidi. Wewe u hali gani huko chuoni? Wanakulisha, au bado ni maharage ya kuhesabu?

Mimi nimefika kwa Baba Kundai. Nimekabidhiwa mafiga ya marehemu mkewe, Shangazi Ketina, kama wazee walivyoamua. Unajua maneno yao: moto wa mwanamke ukizimika, auwashe mtu wa damu yake. Walikuita wewe kwanza, ukasema umeshatoa ahadi kwa mwanamume wako wa Mutare, basi zamu ikaniangukia mimi. Sina kinyongo. Kwa sasa mimi ni mchunga moto tu. Nalala kwa Bibi, mama yake Baba Kundai, napika, nafagia, basi. Mwezi wa Agosti itapikwa pombe ya kumrudisha marehemu nyumbani, na siku hiyo nitapewa mwiko wa Shangazi mbele ya watu. Nikiupokea, nimekuwa mke. Nikiukataa, narudi nyumbani na aibu yangu kichwani, na baba atarudisha ng'ombe wa mahari ya Shangazi, ambao hana.

Baba Kundai ni mtu mtulivu. Zamani akija kwetu alikuwa anatuita "wake zangu wadogo", unakumbuka, na sisi tunamwambia akanunue meno kwanza. Sasa utani umekwisha. Ananiita MaMoyo. Najua sote watatu, mimi, wewe na Shangazi, ni watu wa ukoo wa Moyo, na mkwe atuite vipi tena? Lakini ndivyo alivyomwita Shangazi, kwa sauti ileile, na kila akiniita nageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

Sasa shida yangu. Kila anayepita hapa ananisimulia usafi wa Shangazi. Eti ugali wa sadza ukifika mezani, jikoni hakuna hata kijiko kichafu. Eti ungedhani chakula kimepikwa kwa jirani. Na mimi unanijua. Nikipika mboga moja, utafikiri wamepita nyani. Jana Baba Kundai alisimama mlangoni, akatazama sufuria, mwiko, unga uliomwagika, akaondoka. Wewe ulikuwa unakaa kwa Shangazi kila likizo, na ulikuwepo hapa mwezi ule kabla hajafa. Nifundishe alivyokuwa anafanya.

Mdogo wako,
Shorai

*

Chuoni, 19 Machi 1991

Mpendwa Shorai,

Barua yako nimeipata. Namshukuru Mungu kwa afya ya wazazi. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la chaki kimenishika, na tunaenda mazoezi ya kufundisha wiki ijayo. Wape salamu wote, hasa Bibi. Mwambie namkumbuka.

Nakuandikia alivyokuwa anafanya Shangazi, na nakuomba ufuate neno kwa neno.

Kabla hujawasha moto, teka maji ya kupikia na maji ya kuoshea, vyombo viwili. Jivu liwe kwenye kigae, karibu na mkono wako wa kulia. Pepeta unga nje, usipepete ndani. Ukishakoroga uji wa sadza ukafunika, usikae. Hapo una muda wa kuosha bakuli la unga na kupangusa pale lilipokaa. Mboga ikiwa motoni, osha kisu na ubao. Maganda yote yaende kwa kuku papo hapo. Ukipakua sadza, mimina maji kwenye sufuria ingali ya moto, ukoko utaachia wenyewe. Kisha isugue kwa jivu, suuza, futa, irudishe kwenye rafu ya udongo mdomo ukitazama chini. Ndipo ubebe chakula. Sio baada ya chakula, Shorai. Kabla. Baba Kundai asikae kwenye kigoda chake kabla sufuria haijapanda rafuni.

Siku ya Alhamisi, siku ya kuogesha ng'ombe joshoni, yeye kama msimamizi anaweza kurudi mapema ng'ombe wakiwa wachache. Alhamisi pika mapema.

Usimpe sababu.

Dada yako,
Ratidzai

*

Bikita, 14 Aprili 1991

Dada,

Pasaka ilipita na mbuzi mmoja, Bibi akala maini yote akasema meno yake hayawezi kingine. Kundai ameandika kutoka mgodini kwamba hatapata likizo. Mama ananitumia siagi ya karanga kama vile huku hakuna karanga. Ndama wa baba anakua. Hizo ndizo habari.

Ile barua yako niliisoma nikacheka. Nikasema hii ni barua ya dada au ni amri ya jeshi? "Neno kwa neno!" Lakini nimefuata, na nilipokuwa nafuata nikaanza kuona raha. Kweli mtu akiosha huku anapika, jiko linapumua. Nilijiona mwanamke.

Halafu, wiki mbili zilizopita, kuna jambo.

Nilikuwa nimepakua sadza. Nikakumbuka chumvi ya Bibi, nikatoka nikampelekea pale anapoota jua. Hatua thelathini kwenda, thelathini kurudi. Sufuria niliiacha kando ya moto na ukoko wake, hata maji sijamimina. Niliporudi ilikuwa kwenye rafu. Imesuguliwa. Mdomo chini. Nikasema labda niliosha nikasahau, ndiyo uzee. Baba Kundai akaingia, akatazama, akakaa, akala.

Siku ya pili ikawa mwiko. Ya tatu, kata. Kila mara ni dakika chache kabla hajaingia. Nikamwambia Bibi, "Bibi, usihangaike, nitaosha mwenyewe." Akanijibu, "Mimi? Macho haya hayaoni hata nzi aliyekaa puani, nitaona sufuria?" Akacheka, kisha akaacha. Akaniuliza, "Hivi mnapika na nani humo ndani? Nasikia wanawake wawili. Mmoja ana mkono mzito, huyo ni wewe. Mwingine anasugua harakaharaka."

Dada, simwogopi maiti wa kwetu. Shangazi alinibeba mgongoni. Lakini kwa nini afanye haraka? Marehemu ana haraka gani?

Niandikie upesi.

Shorai

*

Shuleni, 22 Mei 1991

Mpendwa Shorai,

Samahani kwa kuchelewa. Nimekuwa nje kwa mazoezi ya kufundisha, na barua zilikuwa zinanisubiri chuoni mpaka nilipopitia kuzichukua. Watoto ni sitini darasani na vitabu ni kumi. Huku baridi imeanza. Natumaini una blanketi la kutosha. Nimekuwekea soksi ndani ya kifurushi, pamoja na sabuni mbili za mche.

Nimesoma uliyoniandikia. Mtu akiwa mgeni mahali hukosa usingizi, na akikosa usingizi husahau kazi aliyoifanya mwenyewe. Usilisimulie jambo hilo kwa watu.

Endelea kuosha kabla hajakaa. Na uniambie, ile kufuli bado inaning'inia kwenye mlango wa jiko, au aliichukua?

Usijibu kama huna nafasi.

Ratidzai

*

Bikita, 9 Juni 1991

Dada Ratidzai,

Asante kwa sabuni na soksi. Bibi amechukua soksi. Baba alipita hapa kuja kuulizia siku ya pombe, amekonda lakini anasema ni meno. Mama anaumwa mguu.

Mtu akimuuliza mwenzake swali akajibiwa soksi, ajue kuna jambo.

Kufuli gani? Nimezaliwa katika nchi hii, nimeingia majiko ya watu wangapi, sijawahi kuona jiko la mwanamke likipigwa kufuli. Jiko ni lake. Hata mume akitaka maji ya kunywa anabisha hodi. Lakini barua yako ilipofika nikaenda kuangalia mlango, na kweli, kuna pete mbili za chuma na msumari uliokatika kwa kutu. Nilikuwa napita hapo kila siku sizioni. Kufuli yenyewe iko kwa Baba Kundai, kwenye kamba ya funguo za josho. Nimeiona kiunoni kwake.

Sasa nisikilize. Alhamisi ya wiki iliyopita kulikuwa na ukungu, ng'ombe hawakuja joshoni, na yeye akarudi saa nne. Mimi nilikuwa nimeanza kupika njugumawe, vyombo vimetapakaa kila mahali. Nikasikia baiskeli yake. Nikasimama katikati ya jiko sijui nishike kipi. Na hapo nikaona, Dada. Sikumwona Shangazi. Niliona vyombo. Bakuli halikuwa chini, lilikuwa linadondosha maji rafuni. Kisu kilikuwa kimepanguswa. Kwenye sakafu ya samadi kulikuwa na matone ya maji kutoka kwenye mtungi hadi rafuni, rafuni hadi kwenye mtungi, kama ya mtu anayekwenda na kurudi mbio. Na mtu huyo alikuwa anakohoa. Kikohozi kidogo, cha kukizuia kwa kiganja ili mtu wa nje asisikie.

Baba Kundai akasimama mlangoni. Akatazama pande zote. Akasema, "Vizuri, MaMoyo." Akaondoka.

Nilikaa chini nikalia. Bibi alinisikia akajikokota hadi mlangoni. Akasema, "Usilie. Anakimbia badala yako. Anaona heri achoke yeye."

Nakuuliza waziwazi. Sisi tuliambiwa Shangazi alikufa kwa kifua. Wewe ulikuwepo. Alikufa kwa nini?

Shorai

*

Chuoni, 30 Juni 1991

Mpendwa Shorai,

Salamu kwa Bibi. Mwambie baba aende zahanati, kukonda hakuletwi na meno. Mtihani wangu wa mwisho ni tarehe nane Agosti na sitapata ruhusa kabla ya hapo. Kikohozi kimepungua.

Uliloniuliza nitakujibu tukionana.

Nakusihi tu: osha kabla hajakaa.

Ratidzai

*

Bikita, 14 Julai 1991

Ratidzai,

Hatujambo wote. Ulezi umelowekwa, kimea kinachipua kwenye magunia, na pombe ni Jumamosi ya tarehe kumi Agosti. Watu wa ukoo wameshaambiwa. Hizo ndizo salamu zako.

Tukionana lini? Tukionana nitakuwa nimeshaolewa!

Nitakuambia kilichotokea Jumanne, maana naona wewe hupendi kuandika. Niliamka na hasira juu yako. Nikasema leo nitaona. Nikapika, nikapakua, nikaiacha sufuria na ukoko wake katikati ya jiko, nikaishikilia kwa mikono miwili. Nikasema, "Shangazi, leo usikimbie badala yangu. Kaa. Nataka nione unachokiogopa." Nilisikia kikohozi nyuma yangu. Nikasikia kata ikigonga mtungi. Na sufuria ikavutwa, Dada, ikavutwa mikononi mwangu kama mtoto anavyovuta kitu anacholilia. Sikuiachia.

Baba Kundai akaingia. Hakupaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Akauliza, "MaMoyo, hii ni nini?" Nikasema ni sufuria. Akaichukua, akatoka nayo, akaifudikiza katikati ya uwanja kila anayepita aione. Akamwaga maji kwenye moto wangu. Akafunga mlango wa jiko, akatia kufuli. Akasema, "Asiyejua kuosha sufuria hana haja na moto." Kisha akaenda kazini, na watu joshoni wanamwita mpole.

Tulikaa bila moto asubuhi mpaka jioni, mimi na Bibi, kwenye ule ukungu wa mvua isiyo mvua unaoingia mpaka kwenye mifupa. Wapita njia waliiona sufuria, wakatazama chini. Hakuna aliyeuliza. Nikajua wameshaiona zamani. Jioni akafungua, kwa sababu mimi bado ni mgeni.

Bibi aliniambia tukiwa tumejifunika blanketi moja, "Wewe umebahatika, umekaa siku moja. MaMoyo mwenzako alikaa nne."

Nikamuuliza, "Siku nne zipi, Bibi?"

Akasema, "Muulize dada yako. Tulikuwa watatu kwenye blanketi hili."

Basi nakuuliza. Na usinitumie soksi.

Shorai

*

Chuoni, 26 Julai 1991

Shorai, mdogo wangu,

Leo sina salamu. Nimeanza barua hii mara tano.

Ilikuwa Juni mwaka jana, Alhamisi. Shangazi alikuwa na kifua kidogo, si cha kutisha. Alikuwa amepika, akapakua, akatoka kwenda kuita kuku, akaniambia, "Rati, mimina maji kwenye sufuria uisugue, nakuja." Nikasema haya. Lakini mchana ule nilikuwa nimepata gazeti la zamani kutoka kwa mwalimu, nikakaa mlangoni kwenye mwanga nisome ukurasa mmoja tu. Nikasoma wa pili. Sikusikia baiskeli.

Aliuliza kama alivyokuuliza wewe. "MaMoyo, hii ni nini?" Alimtazama Shangazi, lakini mimi pia ni MaMoyo. Ningeweza kujibu. Shangazi alinitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo hivi, akasema, "Ni yangu. Nilisahau."

Sufuria ile ilikuwa yangu, Shorai. Si yake. Katika miaka yote ile hakuwahi kuacha chombo kichafu hata kimoja. Mnausifu usafi wake. Haukuwa usafi. Alikuwa mtu anayekimbizwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na watu wakimwona anakimbia wanasema, tazameni alivyo hodari.

Baba Kundai alifunga jiko siku nne. Alikataza moto hata kwa mama yake. Tulilala watatu, Shangazi katikati, akikohoa kwenye kiganja ili asimsumbue mtu. Kila asubuhi nilisema, leo nitamwambia ni mimi. Shangazi alisema, "Nyamaza, mwanangu. Ukisema atakufukuza, na chuo ni yeye aliyekulipia. Mimi nimezoea." Ilikuwa kweli, karo ya mwaka wa kwanza aliitoa yeye. Nikanyamaza. Na siku ya nne chuo kilikuwa kinafunguliwa, nikabeba sanduku langu nikaondoka. Nilimwacha bila moto nikaondoka. Bibi alinisimulia siku ya maziko kwamba alipofunguliwa mlango siku ya tano, kabla hata hajawasha moto, aliosha sufuria. Siku tisa baadaye kifua kikamuua, wakamlaza kwenye jiko hilohilo, mbele ya rafu yake, na watu wakatazama vyombo vinavyong'aa wakasema, mwanamke wa shoka amekwenda.

Na mimi nilikuwa nimekaa pale, kwenye kona ya wanawake, nikasema amina.

Waliponiita mimi kuinua mafiga, nilisema nina mwanamume Mutare. Hakuna mwanamume Mutare. Hajawahi kuwepo. Nilijua ni nani atakayefuata, ni wewe. Nilijua nikakuacha uingie, nikakufundisha kuosha.

Sasa unajua. Kataa mwiko, Shorai. Sema lolote, sema unaumwa, sema una mtu. Mimi siwezi kuja. Si mtihani, mtihani unaisha Alhamisi, siku mbili kabla ya pombe. Nilikwenda mpaka kwenye kituo cha basi Jumapili, basi likaja, nikageuka nikarudi chuoni. Barua hii ukishaisoma ichome, nakuomba. Baba asiijue.

Ratidzai

*

Nyumbani kwa baba, 21 Agosti 1991

Dada Ratidzai,

Baba hajambo na amekwenda zahanati. Mama mguu umepona. Kundai alikuja kwa pombe ya mama yake na amerudi mgodini, ila njiani alipitia hapa akakaa na baba mchana mzima. Nakupa salamu zao wote. Hawa bado ni watu wako.

Uliniambia niichome barua. Sikuichoma.

Siku ya pombe watu walijaa kuliko nilivyodhani. Jiko lilijaa mpaka mlangoni, wanaume kwenye benchi la udongo, wanawake kwenye mkeka. Vyungu saba vya pombe. Tangu alfajiri tulikuwa tunapika, akina mama wa kijiji wote, na unajua pombe ya marehemu isivyosubiri mtu. Masufuria yalirundikana, vibuyu, sahani za kuazima, unga mpaka kwenye nywele. Baba Kundai alipita mara mbili akatazama. Mbele ya watu hakuweza kusema. Nilimsikia Shangazi asubuhi yote. Alikuwa anaosha mahali popote mkono ulipowahi, anakohoa, hawezi kumaliza. Nilimwonea huruma.

Ndugu mkubwa wa Baba Kundai alipiga magoti mbele ya rafu, akamwita marehemu kwa majina ya ukoo wetu, akamwambia nyumba yake ipo na mtu wake yupo. Kisha akachukua mwiko akaninyooshea. Akasema, "MaMoyo, inua mafiga."

Nikasema, "Kabla sijashika, mwenye jiko ana neno. Limeandikwa."

Nikaitoa barua yako kifuani nikaisoma. Yote, Ratidzai. Gazeti, kurasa mbili, kutikisa kichwa, blanketi, karo, na mwanamume wa Mutare. Sikuruka kitu ili nikufiche. Baba alikuwa amekaa upande wa wageni. Kwenye sehemu ya amina aliinamisha kichwa na hakukiinua tena.

Nilipomaliza nikaikunja barua. Ndugu mkubwa akamgeukia Baba Kundai. "Ni kweli?"

Akasema, "Nilikuwa namfundisha." Kwa sauti ileile ya upole. "Mimi sijawahi kumpiga mwanamke."

Ndipo Bibi akasimama. Alishikilia ukuta, akanyoosha mkono hewani kwa sababu haoni. Akasema, "Nipe hiyo kufuli. Nilikuzaa mimi, na niliona baridi siku nne kwa kukuogopa. Nipe." Alimpa. Mwanamume mzima, mbele ya ukoo, aliifungua kiunoni akamwekea mkononi. Kundai akanyanyuka akatoka nje, akang'oa zile pete za mlangoni kwa shoka.

Mwiko sikuushika. Nilipiga makofi kwa adabu, nikasema, "Tunaomba marehemu wetu na vyombo vyake, tunarudi naye kwetu." Wazee wao walinong'onezana kidogo tu. Habari ya ng'ombe hawakuthubutu kuitaja.

Sasa sikiliza hili. Watu walipotoka kwenda kufunga vyombo vyake kwenye mkokoteni, mimi nilibaki jikoni peke yangu. Rafu imebaki tupu, lakini chini kulikuwa na yale masufuria ya kuazima, machafu kupindukia, ukoko umekauka, nzi tele. Nikasubiri. Nilikaa mahali pake, kando ya mafiga, nikasubiri kwa muda mrefu. Hakuna kilichosogea. Sikusikia kata, sikusikia kikohozi. Nje walikuwa wanaimba. Nikasema, "Kaa tu, Shangazi," nikaondoka nikayaacha vilevile.

Tangu hapo hajaja kwangu tena. Napika kwa mama, naacha vyombo mpaka jioni, mama anagomba, na hakuna anayeosha nyuma yangu.

Hujauliza kama nimekusamehe, nami sijui. Miezi mitano uliniandikia niwahi kuosha, na neno moja lingenitoa. Usiku nikilikumbuka hilo nakuchukia, na asubuhi nakuonea huruma, maana ulikuwa mtoto wa kufunikwa blanketi kama sisi wengine. Lakini mimi nimesoma tu. Ilikuwa sauti yangu. Shangazi alikukinga usiseme, na sauti yako bado hajaisikia. Baba anasema hakufukuzi. Anasema uje kabla ya mvua, ukae mbele ya vyombo vya Shangazi, useme kwa mdomo wako sufuria ile ilikuwa ya nani.

Usikawie. Kwangu Shangazi hayupo, na sidhani kama amekwenda mbali. Ukirudi chumbani kwako jioni moja ukakuta sufuria uliyoiacha chafu imeoshwa na inadondosha maji, usipige kelele na usikimbie. Mjibu.

Shorai